Barua ya Wazi kwa Maadmini wa Makundi ya Jumuiya na Kwaya

Yah: Kufunga kundi kila ugomvi unapozuka

Wapendwa katika Bwana,

Mimi ni Mlutheri wa Dar es Salaam, lakini ninayoyaandika yanawahusu ndugu zangu Wakatoliki pia, maana ugonjwa ni mmoja.

Nawaandikia ninyi mnaosimamia makundi ya WhatsApp ya jumuiya, kwaya, vijana, umoja wa wanawake na kamati za ujenzi. Wengi wenu hamkuchaguliwa na mkutano wowote. Mlikuwa makatibu, au simu yenu ndiyo iliyokuwa na bando siku hiyo, au mlifungua kundi la michango ya msiba, msiba ukaisha, arobaini ikapita, kundi likabaki. Hakuna aliyewawekea mikono wala kuwapa semina. Hata hivyo mna uwezo ambao mzee wa kanisa hana: mnaweza kulinyamazisha kundi zima, kufuta maneno ya mtu na kumtoa kabisa, bila kikao, bila muhtasari, bila mtu kuuliza. Mchungaji akitaka kumweka msharika chini ya nidhamu ana utaratibu wa kufuata. Ninyi mna kidole tu.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Asubuhi linapita neno la siku, kisha zamu ya usafi, kisha namba ya kuchangia matibabu. Jioni mtu anauliza mapato na matumizi ya ujenzi yatasomwa lini. Swali halali. Anajibiwa kwamba kwanza amalize ahadi yake. Naye anakumbushia harambee ya mwaka juzi. Wa tatu, ambaye hata hakuulizwa, anaingiza habari za ndoa ya mtu. Kufika saa nne usiku wanakwaya kadhaa wamejitoa, mama mmoja ametuma mikono ya kuomba, kijana mmoja ametuma kicheko, na admini anafunga kundi: tangu sasa ni viongozi tu wanaoweza kuandika. Kesho yake linatoka tangazo kwamba kundi hili ni la matangazo na neno la Mungu tu. Washarika wanasema amina kimoyomoyo, kwa sababu hata hiyo amina hawana tena pa kuiandika.

Nawaelewa. Mnafunga mkiwa mmechoka, mmepigiwa simu na watu wa pande zote mbili, na kazi yenyewe haina posho. Lakini naamini mnakosea, na kosa lenyewe si dogo. Mnafundisha jumuiya nzima kwamba mahali pa Mkristo kutofautiana na mwenzake ni kwenye minong'ono baada ya ibada.

Jumuiya zetu hazikuanzishwa ziwe ubao wa matangazo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao cha uchungaji katika miaka ya 1970, na mkutano wao mkuu wa mwaka 1976 uliweka mkazo hapo hapo. Walitaka kanisa lishuke mtaani, nyumba kwa nyumba, ambako watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Sisi Walutheri wa KKKT nasi tunazo, na anayezijua anajua uzuri wake: fundi cherehani anaweza kumweleza mwalimu mstaafu kwamba somo hili yeye amelielewa vingine, na wote wawili wakamaliza chai. Huo ndio urithi. Kundi la simu lilipoingia lingeweza kuupanua, na kwa kweli limeupanua. Kuna vijana ambao mbele ya wazee hawafumbui mdomo lakini kwenye simu wanauliza maswali ya maana kuliko yetu sote. Kuna akina mama ambao kikao cha jioni kinawakuta jikoni. Kuna dada aliyeko Muscat akifanya kazi za ndani kwa watu, ambaye jumuiya yake yote siku hizi ni hiyo simu: humo ndimo anamosikia nani amezaa, nani amefariki, na humo ndimo anamotuma mchango wake. Mkifunga kundi, sisi wa hapa tutakutana Jumapili. Yeye mmemfungia kanisa.

Kwa hiyo siombi ukimya. Ubishi ndani ya kanisa ni wa zamani kama kanisa lenyewe. Someni tena Matendo 15. Watu walitoka Uyahudi kwenda Antiokia wakafundisha kwamba asiyetahiriwa hawezi kuokoka. Paulo na Barnaba wakawapinga, tena si kwa upole mwingi. Hakuna aliyesema tuache mada hii, tuendelee na sifa. Walichaguliwa watu wa kwenda Yerusalemu, wakasikilizwa, hoja zikapishana, Petro akasimama, Barnaba na Paulo wakaeleza waliyoyaona kwa mataifa, mwisho Yakobo akatoa neno la kufunga mjadala. Ndipo ikaandikwa barua.

Hapa pana jambo ambalo wahubiri wetu hulipita mbio. Ile barua haikupelekwa peke yake. Mitume na wazee waliwatuma Yuda aitwaye Barsaba na Sila waende nayo, ili yaliyoandikwa wayaeleze pia kwa midomo yao. Walijua kuwa maandishi hayana sauti wala uso, na kwamba jambo zito likisomwa na watu waliokasirika litasomwa kwa hasira. Yohana naye, katika waraka wake wa pili na wa tatu, anakatisha maandishi na kusema bado ana mengi, ila asingependa kuyamalizia kwa wino. Anataka kuja waonane. Watu hao hawakuwa na kifaa kilichokuwa na kasi kuliko mjumbe wa miguu au jahazi, na bado waliona maandishi hayatoshi kwa mambo yanayochoma. Sisi wenye simu inayoweza kumfikia mtu kwa sekunde tunapoona aibu kumpigia, tunamwandikia mbele ya watu mia mbili.

Nisiyapambe mambo. Sura hiyo hiyo inaisha vibaya. Paulo na Barnaba, waliotoka pamoja kutetea umoja wa kanisa, walishindana vikali juu ya Yohana Marko hata wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Luka hakuificha habari hiyo. Na miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, tunasoma kwamba Paulo anataka Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa. Sio kila ugomvi utakaoisha kabla ya saa nne usiku. Mwingine utachukua miaka, na admini si Yesu wa kuutuliza kwa neno moja. Kazi yake ni ndogo zaidi: kuhakikisha mlango wa kurudi haujabomolewa.

Sasa nije kwenye Mathayo 18, ambayo kila mmoja wetu ameisikia na karibu hakuna kundi linaloifuata. Ndugu yako amekukosea: mwendee, mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Akikataa, ndipo ulieleze kanisa. Kwenye simu tumeigeuza kichwa chini. Tunaanza na kanisa lote, kisha tunachukua wawili watatu tunaokubaliana nao tukafungue kikundi chetu pembeni, na yule mwenyewe, yule mmoja, hatumwendei kabisa. Tangu mwaka 2022 kundi moja linaweza kubeba watu hadi 1,024. Hakuna mzee yeyote wa zamani aliyewahi kupatanisha wagomvi wawili mbele ya watu 1,024, wote wakiwa na haki ya kupaza sauti kwa wakati mmoja.

Wapo watakaonijibu kwa Wagalatia 2, na huwa wananijibu: mbona Paulo alimkemea Petro hadharani? Ni kweli, alimkemea. Lakini Petro alikuwapo. Jambo lenyewe lilikuwa la hadharani, kwa maana alijitenga mezani na Wakristo wa mataifa huku watu wote wakimwona. Na Paulo alimwambia usoni. Hakupiga picha ya skrini akaituma Korintho.

Tofauti hiyo inatosha kuwa kipimo chenu. Jambo la wote liulizwe mbele ya wote: fedha za ujenzi, namna viongozi wa kwaya walivyochaguliwa, kwa nini ibada ya vijana imeondolewa. Anayeuliza mapato na matumizi hajamkosea mtu adabu, na admini anayemfuta kwa kisingizio cha kulinda amani anamlinda mweka hazina. Jambo la mtu, yaani ndoa yake, madeni yake, mtoto wake aliyepata mimba, halina nafasi humo hata likiwa la kweli.

Na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu Mathayo 18 imetumika kufunika uovu. Kama mtu mzima amemdhuru mtoto, awe mwalimu wa Jumapili, mwanakwaya au mchungaji, hilo halianzi kwa kwenda wawili wawili. Linakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116. Admini anayepokea habari ya namna hiyo na kuandika kwamba tuliombee kimyakimya, anashiriki uovu huo.

Kuhusu jumbe zinazosambazwa nitakuwa mfupi, maana mmeshasikia mengi. Sisi Walutheri tuliosoma kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529. Kwenye amri ya nane (Waanglikana na Wapentekoste wanaihesabu ya tisa, lakini uongo ni ule ule) Luther haishii kukataza ushuhuda wa uongo. Anataka pia Mkristo asimame upande wa jirani anaposemwa, na pale tendo lake linapoweza kueleweka kwa namna mbili, achague ile iliyo njema. Pimeni kwa kipimo hicho zile sauti zisizo na mwenyewe zinazoanza kwa kusema kuna askofu mmoja amefumaniwa. Kampuni yenye WhatsApp, ambayo haijawahi kudai kuwa kanisa, ilibana mwaka 2019 usambazaji usizidi sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha kuzunguka sana, ule wenye mishale miwili, upelekwe sehemu moja tu kila mara. Wafanyabiashara wameweka breki. Sisi tunaandika pembeni: sambaza kwa watu kumi upate baraka.

Maombi nayo yana shida yake. Mtu anamweleza kiongozi wa maombi hali yake ya kiafya, na baada ya dakika kumi jumuiya nzima inajua jina la ugonjwa na la hospitali. Nia ni njema. Lakini Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza kutangaza hali ya mtu kuhusu virusi vya UKIMWI bila ridhaa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata bila sheria, Mungu anajua mgonjwa ni nani na anaumwa nini. Andikeni tumwombee ndugu yetu, inatosha.

Lililonifanya niichukue kalamu hasa ni jingine: vipande vya video za mihadhara vinavyomiminwa kwenye makundi ya makwaya, kila kimoja na kichwa chake cha kujigamba kwamba shehe ameumbuka au ustadhi amekosa jibu. Tuliokuwapo tunakumbuka mihadhara ilivyoanza. Tangu miaka ya 1980 viwanja vya Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na miji mingine vilijaa watu waliokuja kusikiliza Biblia ikishindanishwa na Kurani. Kanda za Ahmed Deedat, mhubiri Mwislamu wa Durban, zilikuwa zikizunguka, wahubiri Waislamu wakaiga mtindo wake, na Wakristo nao wakaandaa wahubiri wao wa kujibu kwa mtindo ule ule. Mwanzoni palikuwa na elimu fulani ndani yake. Watu walisoma vitabu ambavyo wasingevigusa. Baadaye ikabaki kebehi. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yakashambuliwa Dar es Salaam. Februari 1998 pakawa na umwagaji damu Mwembechai, humu humu Dar es Salaam. Sisemi mihadhara peke yake ndiyo iliyosababisha hayo yote. Palikuwa na siasa, palikuwa na manung'uniko ya muda mrefu ya Waislamu ambayo hatukutaka kuyasikiliza. Lakini ulimi ulikuwa umeshaandaa njia.

Na kuna Mbagala, hapa hapa Dar es Salaam, Oktoba 2012. Watoto wawili, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walibishana juu ya Kurani na nini kingempata mtu atakayeikosea heshima. Yule wa kwetu akaikojolea. Ubishi wa watoto ukaishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa. Siku hizo tulilalamika sana, na kulalamika ilikuwa haki yetu. Ila sijasikia usharika uliokaa chini ukajiuliza mtoto wetu alijifunza wapi kwamba kitabu kitakatifu cha jirani ni kitu cha kufanyia majaribio. Mimi nadhani alijifunza kwa kutusikiliza.

Video hizi ni uwanja ule ule wa mihadhara, ila umehamia mfukoni, na umeondolewa hata ule uzuri mdogo uliokuwa nao, kwamba yule mwingine yupo na anaweza kujibu. Mjadala wa saa tatu unakatwa vikabaki vipande vya dakika mbili alizokwama shehe. Waislamu nao wana vipande vyao vya dakika mbili alizokwama mchungaji. Tunatofautiana na Waislamu juu ya msalaba, juu ya Utatu, juu ya Yesu ni nani, na tofauti hizo si za kupuuza wala kupakwa sukari. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu, kwa upole na kwa heshima. Anayeuliza ni mtu aliye mbele yako. Kwenye kundi la kwaya hakuna Mwislamu aliyeuliza lolote. Wapo watu wa dini moja wanaomcheka asiyekuwapo. Na mara nyingi asiyekuwapo ni shemeji yao. Katika mji huu ukoo usio na dini zote mbili ni wa kutafuta kwa tochi.

Kuna kanuni moja iliyobandikwa kwenye makundi mengi, ile ya kutoruhusu siasa. Sioni inavyowezekana. Maaskofu wa KKKT walitoa ujumbe wa Pasaka mwaka 2018 uliogusa hali ya nchi. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, lilitoa tamko juu ya mkataba wa bandari, likasomwa makanisani. Msharika aliyesomewa tamko kanisani Jumapili aambiweje Jumatatu, kwamba kulijadili ni marufuku? Ruhusuni mjadala. Kemeeni matusi, kemeeni mabango ya kampeni ya chama chochote, muwakumbushe watu kwamba mtu mzima anajibiwa hoja yake na haulizwi kabila lake wala ametumwa na nani. Ni kazi ngumu kuliko kupiga marufuku, najua.

Ugumu huo ndio sababu ya kusema na wachungaji, mapadre na mabaraza ya wazee, ambao nawapa nakala ya barua hii. Mmewaachia watu hawa mzigo wa kichungaji bila kuwapa chochote. Mwalimu wa Jumapili mnampeleka kozi. Mzee wa zamu mnamwombea mbele ya usharika. Admini anayesimamia maneno ya washarika usiku na mchana mnamkumbuka siku kundi limelipuka. Mwekeeni wenzake wawili, mmoja wao akiwa mwanamke na mmoja kijana, ili asiamue peke yake nani atolewe. Atolewaye aambiwe sababu, kwa sauti ya mtu na si kwa mstari mmoja wa maandishi, na aambiwe lini anaweza kurudi. Kundi likichemka lipumzishwe hadi asubuhi, kisha lifunguliwe. Na jambo lililochemka lipangiwe kikao, nyumbani kwa mtu, kwa jina na tarehe, ili kila mmoja ajue halikuzikwa.

Ninyi maadmini hamhitaji kusubiri hayo yote. Ingieni sasa hivi kwenye orodha ya waliojitoa au kutolewa. Majina mnayakumbuka. Chagueni mmoja, msimwandikie; mpigieni. Kama anakaa karibu, nendeni kwake kabla ya Jumapili, na yule aliyegombana naye akikubali, mwende naye.

Wenu katika Kristo,
Mwanajumuiya na mwanakwaya, Dar es Salaam

Nakala: Wachungaji, mapadre na mabaraza ya wazee